Masahihisho ya Ukurasa wa 214

Nimepiga taipu maandishi ya wasomi kwa miaka ishirini na miwili, na nilichojifunza ni kwamba mtu akishapata vyeo vya kutosha huacha kusoma. Profesa Hristofor Balabanov, mkuu wa Taasisi yetu ya Mienendo ya Sayari pale Sofia, mji mkuu wa Bulgaria, alikuwa na vyeo vitatu. Kwa hiyo hakusoma kitu. Alitia saini. Kila asubuhi nilimwekea mezani jalada lenye maombi ya likizo, hati za makaa ya mawe na makala za watafiti, naye aliyapitia yote kwa kalamu moja ya wino wa kijani, kama mtu anayepaka siagi kwenye mkate, huku sikio lake likiwa kwenye simu.

Mwaka wa 1978 ulikuwa mwaka wa kitabu. Mzee Spiridon Gerginov, mwanzilishi wa taasisi na ndiye aliyemkalisha Balabanov kitini, angetimiza miaka sabini mwezi Machi uliofuata. Alikuwa akademiki, yaani mjumbe wa baraza kuu la wanasayansi wa taifa, na juu ya akademiki kwetu kuna Mungu tu, ambaye wakati ule wa ukomunisti hakuwa na ofisi. Mtu wa cheo hicho hatimizi sabini hivihivi. Hutungiwa kitabu cha heshima. Kila aliye chini yake huandika makala, kila makala humtaja mzee mwanzoni na mwishoni, kitabu hutiwa jalada la bluu lenye herufi za dhahabu, kinakabidhiwa mbele ya watu, watu wanapiga makofi, wanakunywa pombe ya rakia, na kitabu kinakwenda rafuni kufa. Nilikuwa nimeshapiga taipu vitabu vinne vya namna hiyo. Sijamwona mtu akisoma hata kimoja.

Nevena Dragieva ndiye aliyekuwa mtu wa mahesabu. Alitoka Vidin, kule kwenye mto Danubi, na alikuwa kwetu kwa mkataba wa mwaka mmoja mmoja. Mkataba ndio ulioleta kibali cha kuishi Sofia. Ukikosa mkataba, huna kibali. Ukikosa kibali, unapanda treni urudi kwenu. Alikaa chumba kimoja nami kwa sababu Balabanov aliona wanawake wawili wanatosheka na redieta moja ya kupasha chumba joto. Redieta yenyewe ilikuwa baridi kama pua ya mbwa.

Siku moja ya Septemba alisimama mbele ya taipureta yangu akiwa na kibanio cha karatasi mkononi.

"Dada Tsveta, lete mdomo."

"Nilete nini?"

"Mdomo. Usiogope, sikubusu."

Alikikunjua kile kibanio kikawa waya, akakipinda huku na huku upesi upesi, mara ishirini hivi, halafu akanigusisha mdomoni pale kilipopindika. Niliruka kitini.

"Umenichoma, mwehu wewe."

"Nimekuchoma na nini? Humu kuna moto? Hata redieta haina habari na moto." Alikuwa anacheka. "Huo ndio mwezi wangu, dada. Unapindwa tu. Hauhitaji jiko."

Nitausema mwezi wake kama alivyonieleza, maana mimi niliuelewa kwa siku moja na shule yangu ya ukarani, wakati kuna watu pale jengoni hawakuuelewa kwa miaka thelathini. Sayari ya Mshtarii ni jitu, na Io ni wa karibu zaidi kati ya miezi yake minne mikubwa. Mshtarii huuvuta upande wa Io ulio karibu kwa nguvu kuliko upande wa mbali, kwa hiyo mwezi unarefuka kidogo kama yai. Kama njia yake ingekuwa duara kamili, ungerefuka mara moja ukakaa hivyo, basi. Lakini hauko peke yake. Nje yake kuna mwezi uitwao Europa, na nje ya Europa kuna Ganimede, na mitatu hiyo inakwenda kwa hatua: Io ukizunguka mara nne, Europa umezunguka mara mbili, Ganimede mara moja. Kwa hiyo wenzake wanaukuta mahali palepale kila mara na kuuvuta kwa namna ileile, na njia yake haipati nafasi ya kuwa duara. Mara unamkaribia Mshtarii, mara unakwenda mbali, kila baada ya saa arobaini na mbili. Ukikaribia unaminywa, ukienda mbali unaachiwa. Jiwe kubwa kuliko mwezi wetu linakandwa kama unga wa mkate, bila siku ya mapumziko, kwa mamilioni ya miaka.

"Sasa si litapata moto," nilisema.

"Litapata? Limeshayeyuka. Ndani ni uji, na uji ukichemka chini ya mfuniko unajua unavyofanya."

Mwishoni mwa makala yake aliandika hivyo, kwa lugha ya heshima: Io hauwezi kuwa baridi, sehemu kubwa ya ndani imeyeyuka, tutegemee kukuta juu yake milima inayotema moto hata leo. Na kulikuwa na haraka. Chombo cha Wamarekani kilikuwa njiani na kingepita karibu na Mshtarii mwanzoni mwa Machi, na kamera zake. Makala ikichapwa kabla, Nevena atakuwa amesema. Ikichapwa baadaye atakuwa mmoja wa wale wanaosema "mimi nilijua," na hao wamejaa kila mkahawa wa Sofia.

Alitaka kuipeleka kwenye jarida la nje. Kupeleka nje kulihitaji mihuri mitatu, na wa kwanza ulikuwa wa Balabanov. Balabanov akaipima makala kwa mkono, kurasa kumi na mbili, akatabasamu. "Kitu kizuri kama hiki tumpe mgeni wakati mzee wetu yupo?" Akaitia kwenye kitabu cha heshima. Nevena alikubali, kwa kuwa kitabu kilitakiwa kiwe tayari Februari, na Februari iko kabla ya Machi hata kwenye taasisi yetu.

Makala ilikaa kwa Balabanov wiki tano. Iliporudi ilikuwa na wino wa kijani. Kurasa kumi na moja za hesabu hazikuwa na hata nukta, nadhani hakuzifungua. Ukurasa wa mwisho ndio uliokatwa kwa mistari miwili, na pembeni palikuwa na mwandiko wake: "Kwa hiyo, kama alivyothibitisha Akademiki Gerginov mwaka 1951, Io ni mwezi baridi na uliokufa."

Hiyo hesabu ya 1951 naijua, niliipiga taipu upya walipomfanyia mzee sherehe ya miaka sitini. Mzee alitaka kurahisisha kazi, akauondoa Europa, akauondoa na Ganimede, akauhesabu Io ukiwa peke yake. Ukiwa peke yake njia yake ikawa duara, kuminywa kukaisha, mwezi ukapoa. Ni sawa na mtu anayetaka kupima kelele za nyumba, akamtoa mke, akawatoa watoto na mama mkwe, halafu akaandika kwamba ndoa ni jambo la kimya. Kwa kazi hiyo alipewa nishani.

Nevena alikwenda kwa Balabanov palepale. Mimi nilikuwa ndani na jalada langu, na sikuondoka.

"Ndugu Profesa, kurasa kumi na moja zinasema moto, wa kumi na mbili unasema baridi."

"Hesabu ni zako," alisema Balabanov. "Hitimisho ni la taasisi."

"Lakini jina ni langu peke yangu."

"Basi shukuru. Wangapi wa umri wako wana jina kwenye kitabu cha mzee?"

"Machi kitafika chombo. Kitapiga picha."

"Kitapiga picha ya nini? Tumbo la jiwe?"

"Basi itoe makala. Naomba uitoe."

Balabanov alichukua muda kufunika kalamu yake. "Nikiitoa, mkataba wako utaonyesha kazi gani mwaka huu? Fikiri mwenyewe, Ndugu Dragieva. Ingawa Vidin nako kuzuri. Wana samaki."

Alirudi chumbani akakaa na koti lake. Hakulia, na ingekuwa afadhali angelia. "Nikae Sofia niwe mwongo mwenye jina," alisema, "au nirudi nyumbani na ukweli ambao hakuna aliyeuona." Nilimchukia Balabanov siku ile kwa chuki iliyo safi kabisa, halafu nikaweka karatasi kwenye mashine na kuupiga taipu ukurasa wake kama alivyoandika, kwa sababu hiyo ndiyo kazi ninayolipwa. Chuki yangu haikuzuia hata herufi moja.

Januari zilikuja prufu, zile kurasa za majaribio kutoka kiwanda cha chapa, na prufu ndizo zilizoleta kikaratasi.

Kwetu kitabu hakitoki bila kikaratasi cha masahihisho. Kiwanda cha chapa kina makosa yake, waandishi wana yao, na hakuna wa kuchapa upya. Kwa hiyo mwishoni hutiwa kikaratasi kilegevu, ukubwa wa nusu kiganja: ukurasa fulani, mstari fulani, palipoandikwa hivi pasomwe hivi. Kitabu kisichokuwa nacho huonekana hakikukaguliwa, na mkaguzi huitwa kujieleza, kwa hiyo hata pasipo na kosa hutafutwa moja. Makala hupita kwenye mihuri mitatu. Kikaratasi hakina muhuri, ni saini ya mkuu tu. Chini yake kiwanda huchapa jina la aliyekusanya makosa, ili wajue wa kumlaumu. Wala hakuna anayekisoma. Nimeona vikiwashiwa sigara, nimeona kimoja kikikunjwa na kutiwa chini ya mguu wa meza ya mapokezi, na kipo pale mpaka leo.

Kazi ya kukusanya makosa ya kitabu cha mzee ilimwangukia Nevena, kwa kuwa yeye ndiye mdogo. Alinisomea, nikapiga.

"Ukurasa wa 37, imepungua sifuri moja. Ukurasa wa 90, jina la mzee limeandikwa bila cheo."

"Hilo wangemnyonga mtu," nilisema.

"Ukurasa wa 214, mstari wa 6 hadi wa 8." Akaweka kidole kwenye mstari.

"Palipoandikwa?"

"Palipoandikwa: ni mwezi baridi na uliokufa."

Nilitoa mikono kwenye mashine. "Nevena. Hilo ni kosa la uchapaji?"

"Ni kosa. Na limechapwa."

"Na Balabanov akilisoma?"

"Dada, umekaa naye miaka mingapi? Umemwona akisoma nini?"

Sitajidai shujaa. Nilikosea mara mbili, mimi nisiyekosea. Niliandika: pasomwe, sehemu kubwa ya ndani yake imeyeyuka kwa kuminywa na Mshtarii, na juu yake itegemewe kuonekana milima inayotema moto. Asubuhi nikaliweka lile karatasi ndani ya jalada kati ya hati ya makaa na ombi la likizo la dereva. Balabanov alikuwa kwenye simu akibishana na mtu juu ya soseji za sherehe, kama ziwe za kuchoma au za kukausha. Kalamu ya kijani ilipita, ikapita, ikapita. Nikatoka.

Vitabu vilifika tarehe ishirini Februari, mia tatu, vinanuka gundi. Katika kila kimoja, mwishoni kabisa, kilitulia kikaratasi. Nevena alifungua kimoja, akasoma, akakifunga, na kwa mara ya kwanza tangu Oktoba akaniomba tugawane kipande changu cha banitsa, mkate wetu wa jibini. Nilidhani yamekwisha.

Kumbe kulikuwa na mtu mmoja katika nchi nzima aliyesoma vikaratasi vya masahihisho, naye ni mzee Gerginov, aliyepelekewa nakala yake mapema. Baadaye mkewe alituambia kwamba kitabu kipya hukianzia hapo, kwa raha ya kuona wengine wamekosea wapi. Tarehe mosi Machi tulikuwa tunafungana nyuzi mkononi, nyekundu na nyeupe, kama kila mtu kwetu siku hiyo kukaribisha majira ya machipuko, simu ya Balabanov ikalia. Mzee haoni haja ya simu kwa kweli, maana ni kiziwi na sauti yake inafika bila waya.

"Dragieva ni nani," tulisikia mpaka chumbani kwetu, "anayenisahihisha ndani ya kitabu changu cha miaka sabini?"

Dereva alitumwa akaleta kile kikaratasi kutoka kwa mzee. Balabanov aliingia nacho chumbani kwetu akikishika kwa pembe, kama panya kwa mkia.

"Nani alipiga taipu hii?"

"Mimi," nilisema.

"Na nani aliidhinisha?"

Nilifungua droo nikampa karatasi lenyewe, na saini yake ya kijani, kubwa, yenye mkia. Aliitazama muda mrefu. Nafikiri ilikuwa mara ya kwanza kusoma alichosaini, na ilimwumiza. Akalikunja akalitia mfukoni mwa koti.

"Vikaratasi vyote vitolewe, leo, vikachomwe. Ndugu Dragieva utavitoa mwenyewe. Na mkataba wako unaisha tarehe thelathini na moja. Hautafanywa upya."

Tulishuka kwenye tanuri la jengo, ghorofa ya chini, tukakaa juu ya makreti, nyuzi zetu za Machi mkononi, tukavuta vikaratasi kimoja kimoja. Balabanov alisimama kutuhesabia. Nevena alivitupa motoni, uso wake umekakamaa, na kila mara alipoinama nilitaka kumshika bega nikaogopa atavunjika. Mwishoni Balabanov alitoa mfukoni lile karatasi lenye saini yake, akalitia mwenyewe.

"Mimi nisingetia saini upuuzi kama huu," aliuambia moto.

Tuliporudi juu Nevena aliweka kiganja kwenye redieta. Ilikuwa vuguvugu. "Angalau," alisema, "makala yangu imepasha kitu."

Sikumwambia jambo moja, kwa sababu Balabanov alikuwa bado mlangoni, na baadaye kwa sababu niliona halina faida. Kiwanda cha chapa, kwa sheria, hupeleka nakala zake Maktaba ya Taifa moja kwa moja, kabla hata ya kutuletea sisi.

Tarehe nane, Siku ya Wanawake, Balabanov alipita na kikapu akatupa kila mmoja ua jekundu. Nevena naye alipewa. "Kwa pambo la taasisi," alimwambia. Nevena aliliweka ndani ya glasi isiyo na maji.

Sherehe ya mzee ilikuwa Jumanne tarehe kumi na tatu, saa sita mchana. Asubuhi hiyo redio ilisema, kati ya habari za mbolea na za mpira, kwamba chombo cha Wamarekani kimepiga picha mwezi Io na kuona juu yake mlima ukitema moto kwenda angani mamia ya kilomita. Nilisikia nikiwa navaa viatu. Nilibaki na kiatu kimoja.

Nilipofika kazini Nevena alikuwa ameketi mahali pake. "Umesikia?" aliniuliza.

"Nimesikia."

Alicheka. Halafu kicheko kikageuka, akalia kilio ambacho hakulia Oktoba wala kule tanurini, kamasi na yote. "Niliujua, dada. Niliukanda kwa mikono yangu. Na leo mchana watu mia tatu watapewa kitabu cha bluu ambamo mimi, Nevena Dragieva, nasema ni mwezi baridi. Nitakuwa mpumbavu wa mwisho duniani kuandika hivyo, kwa jina langu, kwa herufi nzuri."

Ukumbini vitabu vilipangwa juu ya meza yenye kitambaa chekundu. Wageni wa baraza la wanasayansi wa taifa, tunaloliita Akademia, walikaa mbele. Balabanov alisoma hotuba ya dakika arobaini ambayo najua hakuisoma kabla, kwa sababu nililitia makusudi neno "marehemu" mbele ya jina la mzee, naye akalitamka. Vitabu vikagawiwa. Ndipo mzee Gerginov akasimama.

Nilidhani atakuwa amenywea. Kumbe sikumfahamu akademiki. Mtu aliyeishi vizuri chini ya serikali tatu hanywei kwa mlima mmoja.

"Wandugu," alinguruma, "leo dunia inashangaa milima ya moto ya Io. Sisi hatushangai. Taasisi yangu ilisema. Ilisema Februari, kwa maandishi, kabla ya picha za Wamarekani. Fungueni mwisho wa kitabu, kuna kikaratasi."

Vitabu mia tatu vilifunguliwa kwa pamoja. Mgeni wa mbele, bibi mmoja mwembamba wa Akademia mwenye miwani ya mnyororo, alitikisa kitabu chake juu chini. Hakikuanguka kitu. Akafuata faharasa, akafika ukurasa wa 214, akasoma kwa sauti ya kawaida tu: "Ni mwezi baridi na uliokufa."

Sijawahi kusikia ukumbi ukinyamaza hivyo kwa ajili ya sayansi.

"Kikaratasi, Balabanov," alisema mzee.

"Kimeondolewa, Ndugu Akademiki. Kwa sababu za kiufundi."

"Viko wapi?"

Balabanov alinitazama mimi, niliyekuwa nyuma na sinia la vikombe. Miaka ishirini na miwili alikuwa akinitazama hivyo kila alipotaka jambo litengenezwe.

"Vilichomwa tarehe mosi," nilisema. "Redieta zilipata joto kidogo." Watu walicheka, na kicheko kile kilinipa ujasiri ambao sikuwa nao Januari. "Lakini Maktaba ya Taifa wana nakala. Kiwanda huwapelekea wao kwanza."

Bibi wa miwani alituma gari. Ilichukua saa nzima, na katika saa hiyo watu walikula zile soseji, za kukausha. Kitabu kikaja na kikaratasi chake ndani, muhuri wa maktaba, tarehe kumi na tisa Februari. Bibi alikisoma chote, kuanzia sifuri iliyopungua, mpaka kwenye uji wa Nevena na milima yake. Halafu akasogeza miwani asome mstari wa chini kabisa.

"Masahihisho: N. Dragieva. Dragieva ndiye nani?"

"Ni mimi," alisema Nevena. Alikuwa amesimama karibu na bakuli la kachumbari ya siki, macho mekundu, na uma mkononi.

"Chini ya uongozi wangu," Balabanov aliingia kati upesi. "Mimi ndiye niliyeidhinisha. Dhidi ya upinzani, naomba niseme, nilitia saini. Lipo karatasi rasmi lenye saini yangu."

"Tulione," alisema bibi.

Mdomo wa Balabanov ulibaki wazi. Macho yake yakaja kwangu tena, na nikaona yanavyoshuka ngazi moja moja mpaka kwenye tanuri. Nilichukua vikombe vitupu nikaenda kuviosha.

Mkataba wa Nevena ulikuja kutoka Akademia wiki hiyohiyo, wa miaka mitatu, na kibali kikiwa kimebanwa juu yake. Asije mtu akadhani alipata utukufu. Kulikuwa na Wamarekani waliochapa hesabu kama yake siku chache kabla ya picha, katika jarida ambalo dunia nzima inalisoma, na dunia haina habari na kikaratasi cha nusu kiganja kilichoandikwa kwa Kibulgaria. Hao nao walihesabu vizuri, Nevena mwenyewe husema. Lakini jina lake halikubaki kwenye uongo, na hicho ndicho alichokuwa akikipigania.

Aprili, mlozi wa uani ulipochanua na sisi tukatundika nyuzi zetu za Machi kwenye matawi yake, kama ilivyo desturi, Balabanov aliingia chumbani kwetu bila kikapu.

"Ndugu Dragieva, nimefikiri. Tuandike makala kubwa, mimi na wewe. Juu ya huu mwezi. Jina langu litangulie, kwa ajili ya alfabeti."

B iko kabla ya D, kweli. Nevena alifungua droo yangu, akatoa kibanio cha karatasi, akakikunjua na kumpa.

"Nitakubali, Ndugu Profesa. Ila kwanza fanya jaribio lenyewe. Pinda hapo katikati, huku na huku, halafu weka mdomoni. Ukihisi kitu, jina lako litangulie."

Balabanov alitutazama kwa zamu, akitafuta mtego. Akapinda mara moja, mara ya pili, polepole, kwa heshima ya vyeo vyake. Ya tatu akachoka. Akaweka waya mdomoni na kusubiri.

"Ni baridi," alisema.

"Basi andika hivyo," alisema Nevena, akageukia mahesabu yake. "Si mara ya kwanza."